Margaret Edwards na Vijana wa Maktaba ya Baltimore

Kuna umri ambao jamii nyingi hazijui ziuweke wapi. Mtoto mdogo ana kiti chake kifupi, ana vitabu vyake vya picha, tena ana mtu wa kumsimulia hadithi. Mtu mzima naye ana rafu zake, ana gazeti lake, na ana pembe yake ya ukumbi ambamo hapendi kusumbuliwa. Baina ya wawili hao yupo barobaro wa miaka 14 au 15. Magoti yake yamekwisha kuzidi kimo cha meza ya watoto, ilhali akikanyaga ukumbi wa watu wazima hutazamwa kwa jicho la pembeni kana kwamba amekuja kuiba au kupiga kelele. Katika maktaba za umma nchini Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, pengo hilo ndilo lililokuwa likiwameza wasomaji. Mtoto aliyekuwa akiazima vitabu kila juma aliingia pengoni humo, na alipotokea upande wa pili alikuwa mtu mzima asiyesoma kitu. Bi. Margaret Edwards alisimama kwenye pengo hilo kwa muda wa miaka 30, na habari za maisha yake ni habari za jinsi alivyojaribu kuliziba.

Alizaliwa mwaka wa 1902 mjini Childress, katika jimbo la Texas, akaitwa Margaret Alexander. Childress ya siku hizo ilikuwa nchi ya wakulima, mahali ambapo pamba na ng'ombe vilijulikana zaidi kuliko vitabu. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Trinity, ambacho wakati huo kilikuwa Waxahachie, akahitimu mwaka wa 1922 na kushika chaki. Baadaye akaelekea New York, kwenye Chuo Kikuu cha Columbia, na huko akajipatia shahada ya uzamili katika lugha ya Kilatini mwaka wa 1928. Somo hilo alilifundisha pia katika shule ya upili mjini Towson, katika jimbo la Maryland, kaskazini tu mwa jiji la Baltimore.

Haifai kulipita jambo hili la Kilatini kwa haraka. Mwalimu wa lugha iliyokufa hushinda siku nzima mbele ya vijana ambao wengi wao hawakuomba kufundishwa lugha hiyo, na anayeona vyema huona jinsi kitabu bora kabisa kinavyoweza kugeuka adhabu kikitiwa mkononi mwa mtu asiyekitaka. Huenda hapo ndipo Bi. Edwards alipoanza kupambanua kati ya kitabu cha kulazimishwa na kitabu cha kupendwa. Lililo wazi ni kwamba kazi yake yote ya baadaye ilisimama juu ya tofauti hiyo.

Mwaka wa 1932 alitoka kwenye ualimu na kuingia katika darasa la mafunzo la maktaba ya umma ya Baltimore, iitwayo Maktaba ya Enoch Pratt. Huo ulikuwa wakati ambapo Mdororo Mkuu wa uchumi ulikuwa umeibana Marekani koo, na ajira zilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Watu waliokosa kazi walijaa kwenye kumbi za maktaba mchana kutwa, wengine wakitafuta maarifa, wengine wakitafuta joto tu. Kwa hiyo, aliingia katika fani hii wakati ambapo maktaba ilikuwa na wageni wengi kuliko kawaida na fedha chache kuliko kawaida.

Maktaba yenyewe ilikuwa na historia yake. Enoch Pratt alikuwa mfanyabiashara tajiri aliyeipa Baltimore zawadi ya maktaba mwaka wa 1882, na milango ikafunguliwa mwaka wa 1886. Alikuwa ameagiza kwamba maktaba hiyo iwe ya wote, tajiri na maskini, bila kujali rangi ya mtu. Agizo hilo lilikuwa kubwa kwa mji ambao ulikuwa umeacha utumwa miaka kama ishirini tu kabla ya hapo, na litarejewa hapa chini, kwa maana kuandika agizo ni jambo moja na kulitimiza ni jambo jingine. Mkurugenzi wa wakati wa Bi. Edwards alikuwa Joseph Wheeler, mtu aliyependa maktaba ifanane na duka zuri kuliko kufanana na hekalu. Jengo kuu jipya lilipofunguliwa mwaka wa 1933, halikuwa na ngazi ndefu za kumchosha na kumtisha mgeni. Mtu aliingia moja kwa moja kutoka barabarani, na kandokando ya mlango kulikuwa na madirisha mapana ya vioo ambamo vitabu vilipangwa kama nguo na viatu vinavyopangwa na wachuuzi hodari.

Bi. Edwards hakuwa wa kwanza kuwaza juu ya vijana. Huko New York, Mabel Williams alikuwa ameanza kuziunganisha shule na maktaba ya umma tangu mwaka wa 1919, na maktaba hiyo ikaanza kutoa orodha ya vitabu vya vijana kila mwaka kuanzia 1929. Mjini Cleveland, kilifunguliwa mwaka wa 1925 chumba maalumu cha vijana kilichoitwa kwa jina la mwandishi Robert Louis Stevenson, chini ya uangalizi wa Jean Roos. Hivyo basi, wazo lilikuwapo. Ambalo halikuwapo Baltimore ni mtu wa kulifanya, na Wheeler alipotafuta mtu wa kuwashughulikia vijana, jukumu likamwangukia mwalimu huyu wa zamani wa Kilatini. Hakupewa chumba. Alipewa rafu chache katika ukumbi wa vitabu vya kuburudisha, zikaachwa mikononi mwake azifanye atakavyo.

Tatizo lake la kwanza lilikuwa aibu iliyofichika: hakuwa amevisoma vitabu ambavyo vijana wangevitaka. Alimjua Virgil na Cicero, lakini kijana aliyesimama mbele yake alitaka habari za mpira, za ndege za vita, za mapenzi, za mbwa mwaminifu, au za msichana anayechekwa na wenziwe. Shahada ya uzamili haikumsaidia hapo hata chembe. Akaanza kusoma. Alisoma alipokuwa kazini na alipokuwa nyumbani, akasoma vizuri na vibaya, vya vijana na vya watu wazima, hata akafikia kiwango cha kuweza kumtazama mtu, kumsikiliza kwa dakika mbili, na kunyoosha mkono kwenye rafu bila kusitasita. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo kiini cha yote aliyoyafanya. Wakutubi wengi wa enzi yake walipendekeza vitabu kwa kutegemea orodha na tahakiki za wengine. Bi. Edwards aliamini kwamba anayependekeza kitabu asichokisoma ni kama mpishi anayesifu chakula asichokionja, na kwamba kijana hugundua udanganyifu huo upesi kuliko mtu mzima.

Kutokana na usomaji huo alijenga kile kinachoweza kuitwa ngazi. Kipago cha chini kilikuwa ni kitabu kinachomsimulia kijana maisha yake mwenyewe, hata kama si fasihi ya kujivunia. Kipago cha kati kilikuwa ni riwaya au tawasifu ya watu wazima yenye mwendo wa kasi na hisia nzito. Vipago vya juu vilikuwa ni vitabu vinavyomtoa kijana nje ya nafsi yake, vikamfikisha kwa watu wa rangi nyingine, nchi nyingine, na shida zisizo zake. Kwa vitabu vya wakati ule, ngazi ya aina hiyo ingeweza kuanzia kwenye Hot Rod ya Henry Gregor Felsen, iliyotoka mwaka wa 1950 na kusimulia vijana wanaokimbiza magari, au Seventeenth Summer ya Maureen Daly ya mwaka wa 1942, ambayo ni habari ya mapenzi ya kwanza ya msichana. Ingeweza kupanda hadi Black Boy ya Richard Wright ya mwaka wa 1945, ambayo ni maisha ya mwandishi huyo Mweusi katika majimbo ya Kusini, na kuishia kwenye Cry, the Beloved Country ya Alan Paton ya mwaka wa 1948, kuhusu baba anayemtafuta mwanawe mjini Johannesburg. Anayeviangalia vitabu hivyo vinne kwa haraka huenda asione uhusiano. Hata hivyo, kijana aliyelia kwa ajili ya dereva wa kubuni aliyekufa barabarani amekwisha kujifunza kumlilia mtu asiyemjua, na ujuzi huo ndio unaohitajika ili kumsoma Paton.

Kutokana na imani hiyo, Bi. Edwards hakukidharau kitabu chepesi. Walimu wengi walitaka maktaba iwape vijana fasihi teule ya zamani na kuacha upuuzi. Yeye aliona kwamba kumpa kijana asiye msomaji riwaya nene ya karne iliyopita ni kumfungia mlango na kuutupa ufunguo. Upande wa pili, hakuridhika kijana akikaa kwenye kipago cha chini milele. Msichana aliyesoma hadithi kumi za mapenzi za namna moja alijikuta siku moja akipewa ya kumi na moja iliyokuwa na mapenzi ndani yake, lakini yenye kitu kingine pia: vita, umaskini, au swali la haki. Alipandishwa bila kuambiwa kwamba anapandishwa.

Namna ya kumwendea kijana ilikuwa na adabu zake. Mkutubi hakutakiwa kukaa nyuma ya meza akingoja kuulizwa, kwa kuwa kijana hajui aulize nini na huona haya kuuliza. Alitakiwa kutembea kwenye ukumbi, kukirudisha kitabu mahali pake, kupita karibu, kusema neno moja kuhusu kitabu kilichomo mkononi mwa kijana, kisha kuondoka iwapo kijana hakujibu. Hakutakiwa kuhubiri. Hakutakiwa kutaja fasihi, wala utamaduni, wala manufaa. Alitakiwa kusema tu kinachotokea kwenye kitabu na kuacha pale panapouma. Hali kadhalika, hakutakiwa kuonyesha kwamba amesikitika kijana alipokataa pendekezo lake, kwani kukataa ni haki ya msomaji na ni dalili ya kwamba ana ladha yake mwenyewe.

Kazi ilipopanuka hadi matawi ya maktaba mitaani, Bi. Edwards akawa msimamizi wa huduma za vijana katika jiji zima, na ikambidi apate wasaidizi. Hapa ndipo alipojulikana kwa ukali. Aliwachagua watu kwa tabia yao na kwa mapenzi yao ya kusoma kuliko kwa vyeti vyao, kisha akawapa kazi ambayo ilimtoa jasho kila aliyeipitia: orodha ya vitabu 300 ya kusomwa. Msaidizi alisoma vitabu kumi, akaja kuketi na Bi. Edwards kuvizungumza kimoja kimoja, kisha akaenda kusoma vingine kumi. Katika mazungumzo hayo haikutosha kusimulia yaliyomo. Msaidizi alipaswa kueleza kitabu hiki ni cha kijana wa namna gani, kitamchosha wapi, na baada yake apewe kipi. Usomaji wenyewe ulifanywa nje ya saa za kazi. Walikuwapo walionung'unika, na malalamiko yao hayakosi uzito, kwani kumtaka mfanyakazi atumie jioni zake na siku zake za mapumziko kwa ajili ya mwajiri ni jambo linaloweza kuhojiwa mahali popote. Hata hivyo, aliyemaliza vitabu 300 hakuwa tena mtu wa kuuliza orodha inasema nini. Yeye mwenyewe alikuwa amekuwa orodha.

Shughuli iliyowapeleka wasaidizi hao mbali zaidi na meza zao ilikuwa mazungumzo ya vitabu shuleni. Kwa mpango na shule za upili za jiji, mkutubi aliingia darasani, akasimama mbele ya wanafunzi na kuzungumza juu ya vitabu kwa muda mfupi. Bi. Edwards alikataza kabisa kubabaisha. Kila neno la mazungumzo liliandikwa, likahaririwa, likahifadhiwa kwa moyo, likafanyiwa mazoezi mbele ya wenzake hata likasikika kama linabuniwa papo hapo. Kwa jamii zenye masimulizi, kama zilivyo nyingi za Afrika Mashariki, jambo hili halihitaji maelezo marefu: fanani anayeonekana kuropoka bila jitihada ndiye aliyerudia hadithi yake mara mia. Mkutubi hakumaliza hadithi. Alimfikisha mhusika kwenye ukingo wa jabali, akaufunga mdomo wake, akakionyesha kitabu. Aliyetaka kujua kama mhusika alianguka alijua pa kwenda.

Kuna ubishi juu ya njia hii. Baadhi ya wakutubi waliokuja baadaye waliona kwamba hotuba iliyohifadhiwa humfanya mzungumzaji kuwa kasuku, na kwamba ni heri kigugumizi cha kweli kuliko ufasaha wa kukariri. Hoja hiyo ina mashiko kwa mzungumzaji mwenye kipaji. Lakini Bi. Edwards hakuwa akiwaandaa wenye vipaji pekee. Alikuwa akiwaandaa wahitimu wapya waliotetemeka mbele ya vijana arubaini waliochoka, na mtu anayetetemeka huhitaji kitu cha kushikilia.

Jambo linalokumbukwa zaidi kumhusu, na ambalo kwa kweli lilikuwa dogo kwa kipimo cha kazi yake yote, ni gari la farasi. Katika miaka ya 1940, alitambua kwamba zipo sehemu za Baltimore ambazo watu wake hawakupata kuukanyaga mlango wa maktaba, si kwa kuwa ulifungwa, bali kwa kuwa hawakuuona kama wao. Mji huo ulikuwa na desturi ya wachuuzi wa matunda na mboga waliopita vichochoroni na mikokoteni ya farasi wakinadi bidhaa kwa sauti za kuimba, wengi wao wakiwa Waafrika-Wamarekani. Bi. Edwards akaichukua desturi hiyo kama ilivyo. Alipata gari na farasi, akapakia vitabu mahali pa matikiti, na kwa majira kadhaa ya joto yeye na wasaidizi wake wakapita katika mitaa ya maskini wakiazimisha vitabu barabarani. Msomaji anayefahamu habari za ngamia waliobebeshwa vitabu na maktaba ya Garissa tangu mwaka wa 1996 hatastaajabu kwamba mnyama alikuwa nusu ya kivutio. Watoto na vijana walimjia farasi kwanza, na waliopofika kwa farasi walikuta vitabu.

Safari hizo zilimfunza mengi kuhusu vitabu vyenyewe. Ndani ya jengo zuri la Wheeler, kitabu kilisaidiwa na madirisha ya vioo, na taa, na ukimya. Barabarani hakikuwa na msaada. Kilishindana na mpira, na jua, na kelele za majirani, na kama jalada lake au sentensi chache za mkutubi hazikumnasa mtu palepale, basi hakikuazimwa. Isitoshe, waliokuja garini hawakuwa vijana peke yao. Walikuja akina mama, wazee, hata wasiojua kusoma waliotaka kitu cha kupelekea watoto nyumbani. Yule aliyedhani kwamba maskini hawapendi kusoma angeondolewa dhana hiyo asubuhi moja tu.

Sasa turudi kwenye agizo la Enoch Pratt. Maktaba ilikuwa imewaruhusu wasomaji Weusi kuazima vitabu, lakini darasa lake la mafunzo, lile lile ambalo Bi. Edwards alipitia mwaka wa 1932, halikuwapokea Weusi. Mwaka wa 1943, mwalimu Mweusi aitwaye Louise Kerr aliomba nafasi katika darasa hilo akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Alikwenda mahakamani, na mwaka wa 1945 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba, kwa kuwa maktaba iliendeshwa kwa fedha na mamlaka ya umma, haikuwa na ruhusa ya kumbagua. Shule za jiji nazo ziliendelea kuwatenga wanafunzi kwa rangi hadi mwaka wa 1954. Maana yake ni kwamba katika muda mwingi wa kazi ya Bi. Edwards, mazungumzo ya vitabu shuleni yalifanywa katika shule zilizotenganishwa, na kwa miaka zaidi ya kumi wasaidizi walioyafanya walitoka katika taasisi isiyomfundisha mtu Mweusi kazi ya ukutubi.

Hili si jambo la kufunikwa kwa blanketi. Bi. Edwards aliamini kwa moyo wote kwamba riwaya nzuri humfanya msomaji amwone jirani yake kuwa binadamu, na aliweka vitabu vya namna hiyo kwenye rafu za vijana wakati ambapo kufanya hivyo hakukuwa jambo la kawaida. Lakini mlango wa darasa la mafunzo haukufunguliwa na riwaya. Ulifunguliwa na mwanamke aliyechoka kukataliwa, na wanasheria wake, na majaji watatu. Vitabu huenda vilimwandaa kijana Mzungu asishangae siku alipomkuta mkutubi Mweusi mezani. Havikumweka mkutubi huyo hapo. Wanaoandika sifa za Bi. Edwards mara nyingi husahau kuziweka habari hizi mbili kwenye ukurasa mmoja, ilhali zilitokea katika jengo moja.

Vita vyake vingine vilikuwa na watu wazima waliotaka kuwakinga vijana dhidi ya vitabu. Riwaya za watu wazima alizozipandisha kwenye ngazi yake zilikuwa na mimba zisizotarajiwa, ulevi, matusi ya askari, na mauti yasiyo na faraja. Wapo wazazi, walimu, na hata wakutubi wenzake waliotaka mambo hayo yaondolewe. Msimamo wake ulikuwa kwamba kijana anayaona mambo hayo tayari mtaani kwake, na kwamba ni afadhali ayaone kwenye kitabu cha mwandishi aliyeyafikiria kuliko kuyasikia kwenye soga za kona. Alipimia kitabu kwa ukweli wake, wala si kwa idadi ya maneno machafu. Kile kilichodanganya kuhusu maisha, hata kikiwa kisafi kama theluji, hakukipenda. Aidha, hakupendezwa na mwelekeo wa maktaba kuwa mahali pa kazi za ziada za shule tu, ambapo kijana huja kunakili aya tatu kuhusu zao la mahindi kisha akaondoka bila kugusa kitu cha kumfurahisha.

Mwaka wa 1957 chama cha wakutubi cha Marekani kilimpa Tuzo ya Grolier kwa kazi yake na wasomaji vijana. Alistaafu mwaka wa 1962, baada ya miaka 30 katika maktaba ile ile aliyoiingia kama mwanagenzi. Kwa wakati huo, wasaidizi aliowafunza walikuwa wametawanyika katika maktaba na vyuo mbalimbali, wakiendeleza mambo yake, mengine kwa uaminifu na mengine kwa kuyalegeza. Orodha ya vitabu 300 ilikuwa miongoni mwa yaliyolegezwa kwanza.

Alipokwisha kustaafu, aliyakusanya maarifa yake katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1969, The Fair Garden and the Swarm of Beasts. Jina hilo lina kejeli ndani yake. Bustani nzuri ni maktaba iliyopangwa na kupaliliwa, na kundi la wanyama ni vijana kama wanavyoonekana na mkutubi anayeogopa miche yake isikanyagwe. Kitabu chenyewe si cha nadharia. Ni cha mtu anayesimulia jinsi kazi ilivyofanywa, nani alicheka, nani alikasirika, na kitabu gani kilimnasa kijana gani, pamoja na mafunzo ya kina kwa anayetaka kuianza kazi hiyo mahali pengine. Kinachokera kwacho ni uhakika wake. Mwandishi hashuku sana kwamba njia yake ndiyo njia, na msomaji wa leo, anayewajua vijana walio na simu mkononi na hadithi za picha za mwendo, atatamani mara nyingine angesita kidogo. Kinachovutia ni kwamba katika kurasa zake zote vijana si takwimu wala si tatizo. Ni watu wenye ladha, wenye ubishi, na wenye haki ya kuchoshwa na kitabu.

Bi. Edwards alifariki mwaka wa 1988. Mwaka huo huo ilitolewa kwa mara ya kwanza tuzo ya Marekani kwa mwandishi ambaye vitabu vyake vimedumu katika mapenzi ya vijana, na baadaye tuzo hiyo ikaja kuitwa kwa jina lake. Aliyeipata mwanzo alikuwa S. E. Hinton, ambaye riwaya yake The Outsiders, iliyochapishwa mwaka wa 1967, aliiandika yeye mwenyewe akiwa bado mwanafunzi wa shule ya upili. Bi. Edwards aliacha pia mali yake katika wakfu wa kuendeleza usomaji wa vijana, na kutokana na fedha za wakfu huo ilianzishwa mwaka wa 1998 tuzo nyingine, ambayo kila mwaka huteua vitabu kumi vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wazima lakini vinavyoweza kumfaa msomaji wa miaka 12 hadi 18. Hiyo huitwa Tuzo ya Alex, kwa sababu hilo ndilo jina ambalo rafiki zake walimwita, lililokatwa kutoka kwenye Alexander, jina alilozaliwa nalo Childress.